Mshenga Niliyemweka Mbele ya Ujumbe

Uvumi wenyewe ulianzia saluni kwa Vestine, kule Yeoville, hapa Johannesburg, na ulisema hivi: siku hizi vijana wa kompyuta wanaweka kitu mbele ya kitu. Wewe unaita cha nyuma, anaitika wa mbele, kwa jina lilelile na sauti ileile, na hutajua mpaka unazikwa. Walisema kuna mama mmoja ameongea na mwanawe aliye Cape Town mwaka mzima, anauliza umekula, anajibiwa nimekula, kumbe mwana ana mambo yake na kinachojibu ni kitu.

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeshikwa nywele sina pa kwenda. Lakini niliporudi nyumbani uvumi ulikuja nao. Nikipika uko jikoni, nikifua uko kwenye beseni. Binti yangu Suzan anafanya kazi hiyohiyo ya kompyuta, Marshalltown, ghorofani, na kila siku mchana mimi humpigia kumuuliza kama amekula, naye hujibu amekula.

Kesho yake nikampigia nikamuuliza jina la kijiji alikozaliwa bibi yake. Akasema, Mama, niko kwenye mkutano. Nikakata simu na wasiwasi uleule, kwa sababu hilo ni jibu ambalo kitu chochote kinaweza kulitoa.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu Sipho alikuja kwetu wakati ule wapigania uhuru wa Afrika Kusini wanaishi uhamishoni, akanioa, na nchi yao ilipofunguka akanileta hapa Johannesburg. Tunakaa Jeppestown, nyumba ya zamani yenye ua mbele, katikati ya magereji. Shule niliishia ya msingi. Haya ya kompyuta nimeelezwa na Suzan mpaka akachoka, na nayaandika kama nilivyoyaelewa, kwa ajili ya mama wenzangu ambao watoto wao wanafanya kazi hizi nao hawajui waulize nini.

Suzan aliporudi jioni ile nilimuuliza wazi. Je, ni kweli mnaweka kitu mbele ya kitu?

Akasema ni kweli, ndiyo kazi yake ya wiki hiyo. Alisema huku anafungua friji.

Nikamwambia aifunge friji aje akae anieleze. Akanieleza kwa kutumia programu ya Umoja wetu, ambayo yeye mwenyewe aliitengeneza. Umoja wetu ni wa watu wa Kiswahili wa pande hizi, Watanzania, Wakongo, Warundi na Wakenya, na programu yenyewe kazi yake ni kupeleka matangazo ya wagonjwa, misiba na harusi kwenye simu za wanachama. Maneno ya Suzan nimeyanyoosha hapa, maana Kiswahili chake kina Kizulu na Kiingereza ndani yake kama kachumbari.

"Ndani ya programu kuna fanksheni," akasema. "Kila moja ina jina na kazi yake. Ukiita jina, inafanya kazi. Hii ya kupeleka matangazo inaitwa tuma. Katibu anaandika, anabonyeza, tuma inaitwa, tuma inapeleka."

"Hapo nimeelewa."

"Sasa mimi naweza kutengeneza kitu kinachokaa mbele ya tuma. Kinaitwa proksi. Kinachukua jina la tuma, maelezo ya tuma, kila kitu cha tuma. Ukikiuliza wewe nani, kinasema mimi ni tuma. Ukikiita, chenyewe kinaiita tuma ya kweli, kinakuletea jibu lake. Lakini hapo katikati mimi naweka ninachotaka. Kukagua, kuchelewesha, kukataa."

"Na anayeita anajua?"

"Hajui. Ndiyo uzuri wake, Mama. Yeye anaendelea kuita tuma kama jana."

Nikamwambia kumbe huyo ni mshenga. Suzan hakulijua neno, nami niliumia kidogo, maana lilikuwa linamhusu. Nikamwambia kwetu kijana hajitokezi kwa baba wa binti akasema nataka. Anatumwa mtu, anaongea kana kwamba yeye ndiye anayeoa, na jibu linapita kwake. Akafikiri, akasema tofauti ni kwamba mshenga anaonekana. Nikamwambia mshenga mzuri naye haonekani.

Nasema lilikuwa linamhusu kwa sababu ya Égide. Huyu ni kijana wa Kirundi, mtoto wa dada yake Vestine, fundi wa lifti, mpole mpaka unatamani kumfinya aseme kitu. Yeye na Suzan walikuwa wamekubaliana muda mrefu. Kilichobaki ni wazee wake kuja kuposa, na mzee wa kusema ni mmoja tu, baba yake mkubwa Libère anayekaa Durban. Mzee huyu alikuja Johannesburg akarudi, akaja tena akarudi, neno hakuna. Mtaani walianza kuniuliza kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi. Suzan alijifanya hajali, lakini simu yake aliichungulia kama mtu anayefunua sufuria ya maharage kuona kama yameiva. Mimi nilikuwa naona. Nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja, mzee Libère aingie getini kwangu.

Ndipo ikatokea ya Leodgar. Leodgar ni Mtanzania mwenzetu, anauza viatu vya mitumba Marshalltown, kando ya njia. Mama yake alifariki nyumbani, habari ikamfikia katibu wetu Elisée kabla ya kumfikia mwenyewe. Elisée ni Mkongo, mtu wa haki, lakini anaandika kama anagonga misumari. Akaandika: Mama ya Leodgar amefariki. Maziko Jumatano. Akabonyeza. Ujumbe ukaenda kwa wote, na Leodgar naye akiwa mmoja wa wote. Alikuwa amepiga goti anamvisha mteja kiatu. Alianguka palepale akiwa ameushikilia mguu wa mteja, na mteja, mama wa watu asiyejua chochote, akapiga mayowe kwamba anaibiwa.

Msiba hauambiwi hivyo. Mtu anaambiwa hali ya mgonjwa si nzuri, njoo nyumbani. Anafika, anakuta watu wamekaa, anakalishwa, anashikwa mkono, na hata kabla neno halijasemwa moyo umeshajua njia. Nilimwambia Elisée haya yote, kwa heshima. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema:

"Maman Suzan, kufa ni kufa. Miye niko katibu, siko daktari wa moyo."

Nikaona huyu habadiliki. Na usiku huohuo likanijia wazo ambalo hadi leo naliona ni zuri, isipokuwa matokeo yake. Asubuhi ya Alhamisi nikamwambia Suzan: weka mshenga mbele ya tuma.

Masharti niliyapanga mimi. Tangazo likija, mshenga asilitoe. Kwanza amwandikie mwenye jambo: Kuna jambo. Usiwe peke yako. Kaa chini, kisha jibu Nimekaa. Wengine wote awaandikie: Kuna jambo nyumbani kwa fulani. Nendeni mkae naye. Msimwambie kitu. Na maneno yenyewe yasimfikie mtu yeyote mpaka mwenye jambo ajibu kwamba amekaa, kwa sababu ni aibu jirani kujua kifo cha mama yako kabla yako.

Suzan alipenda. Nilimwona amependa, maana aliacha chai yake ikapoa. Akasema atafanya, lakini mshenga afanye kazi kwenye matangazo ya msiba tu, yale ambayo Elisée ameyawekea alama ya msiba. Nikamwambia Elisée atasahau alama, yule anasahau hata kofia yake kichwani. Mshenga awekwe mbele ya kila tangazo. Suzan akakataa. Akasema kitu kama hicho ukikiweka mahali pote hujui kitakamata nini.

Nililia kidogo. Si sana.

Akasema sawa, Mama, nakiweka mbele ya yote kwa jioni hii tu, tukione kinavyofanya, kesho nakipunguza. Jioni tukamjaribia baba yake. Suzan aliandika tangazo kwamba chai iko tayari, mwenye jambo akawa Sipho. Mzee alikuwa sebuleni anasikiliza mpira kwenye redio. Tulisikia redio imezimwa. Tukasikia amekaa, maana kile kiti kinalia. Suzan akapata jibu, Nimekaa, na simu ya mzee ikampa maneno ya kweli. Alikuja jikoni rangi imemtoka.

"Eish, Mama Suzan," akasema. "Mnaniua kwa chai."

Tulicheka wawili. Yeye alikunywa chai amesimama.

Sasa yanayofuata mengine niliyajua baadaye, lakini nayaweka mahali pake ili msipotee.

Jumamosi asubuhi mzee Libère, ambaye alikuwa amefika tena Johannesburg kimya kimya, aliamka akasema leo tunaenda kuposa, kesho narudi Durban. Hivyo tu. Warundi wale walikuwa wamemchagua Elisée awe mshenga wao, mshenga wa kweli, mwenye miguu, kwa kuwa si Mrundi wala si Mtanzania na hana upande. Elisée akaona ni vizuri wanachama wawepo kama mashahidi. Akaandika: Familia ya Égide wanakuja leo saa saba kwa Mama Suzan kuposa. Wote karibuni. Mwenye jambo akaniandika mimi, akabonyeza, akaletewa jibu kwamba imetumwa, akaitia simu mfukoni asiitazame tena, akaenda kupiga suti yake pasi. Na Suzan, ambaye angelielewa jambo hili kwa mtazamo mmoja, alikuwa saluni kwa Vestine. Vestine alijua habari, akawa anamsuka kwa ajili yake, na ili asiharibu furaha akaichukua simu ya Suzan akaifungia kwenye droo ya vitana.

Mimi nilikuwa peke yangu jikoni. Sipho alikuwa ametoka kwenda kutafuta kipuri cha geyser, lile tangi la maji moto, kwenye magereji. Simu ikalia. Nikafuta mikono, nikasoma.

Kuna jambo. Usiwe peke yako. Kaa chini, kisha jibu Nimekaa.

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Niliyatunga mimi, na niliyatunga vizuri mno. Hata kuyajua hakukunisaidia kitu, yalinipita mwilini kama maji baridi. Wala sikukumbuka habari ya kila tangazo, maana Suzan alisema ni ya jioni moja tu, na mwanangu akisema kesho ni kesho. Kwangu ujumbe ule ulikuwa msiba, na mwenye msiba ni mimi.

Nilimpigia Sipho. Simu yake ikalia chumbani, kwenye chaji. Nilimpigia Suzan. Ikaita mpaka ikachoka.

Basi nikajua ni mmoja wa wale wawili.

Kiti kilikuwepo mbele yangu. Nilikitazama. Nikajua nikikaa pale nikaandika neno lile moja, mtu atakuwa amekufa. Nisipokaa, bado. Nikakisukuma kiti kwa mguu mpaka ukutani, nikachukua kisu nikaanza kumenya viazi nimesimama. Nilimenya mfuko mzima. Nilimuahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo nayatimiza kwa shida.

Wanachama wakaanza kufika. Wanawake walikuja na khanga, masufuria na mifuko ya unga, wakaingia jikoni bila kubisha kama inavyopasa. Wanaume wakaenda moja kwa moja sebuleni, wakalitoa sofa uani, wakatandika mikeka. Wote walikuwa wameandikiwa wasiniambie kitu. Hawakuniambia kitu. Wao walidhani mimi najua aliyekufa ni nani, mimi nikadhani wao ndio wanaojua, na kila mmoja alimhurumia mwenzake. Walijaribu kunikalisha. Mmoja ananishika bega, mwingine anasogeza kigoda, kaa mama, kaa kidogo tu. Sikai. Walinong'onezana kwamba uchungu umenipanda kichwani. Leodgar alikuja analia kuliko wote, pengine alikuwa analia la kwake. Nikamshika shati, nikamwomba aniambie ni nani, Baba Suzan au Suzan.

"Mama, nimeambiwa nisiseme," akasema, akakimbilia nje.

Hakuwa na cha kusema, maskini. Alikuwa mtiifu tu.

Wakati huo Sipho anarudi kwa miguu, kipuri mkononi. Kwenye kona ya mtaa akakutana na magari mawili yanaegeshwa. Akashuka Elisée na suti yake, akashuka mzee Libère na kofia, wakashuka wanaume wengine, na mwisho Égide amebeba kreti la soda. Elisée akaona watu wamejaa uani kwetu hadi kwenye ukuta, kifua kikampanda. Akamwambia mzee Libère aone jinsi tangazo lilivyofanya kazi, watu wote wamekuya kuwaheshimu.

Lakini Sipho hakuangalia watu. Aliangalia sofa. Kwetu sofa likiwa uani na wanawake wamejifunika khanga, hakuna haja ya kuuliza. Watu walipomwona wakafungua njia. Aliwauliza yuko wapi, akimaanisha mimi. Wakamtazama kwa huruma, wasimjibu, kwa kuwa waliambiwa wasiseme.

Basi mume wangu alishika geti kwa mikono miwili, kipuri kikaanguka, akaita, "Paulina." Jina hilo hajaniita tangu Suzan azaliwe. Akalia. Mzee Libère hakuuliza. Alimshika mkono Sipho, akamwegemeza kifuani kwake, naye akalia, kwa sauti, kofia imeanguka, yeye ambaye wenzake waliniambia hawajawahi kuyaona machozi yake. Wanaume aliokuja nao walipoona mzee analia wakaanza. Égide ndiye aliyenisikitisha nilipohadithiwa, maana yeye alielewa lake. Alidhani ni Suzan. Aliliweka kreti chini polepole, akakaa barabarani kando yake, akatazama lami.

Mimi nilisikia sauti ya Sipho kutoka jikoni. Nilitoka mbio, kisu mkononi, watu wananikwepa.

Tulikutana katikati ya ua. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wewe hujafa?" akasema.

"Aliyekufa si ni wewe?"

"Mimi nilikwenda kununua valvu."

Alinishika uso kwa mikono yake ya grisi, na mimi nikamshika. Kisha Elisée, ambaye hapendi jambo kubaki wazi, akasafisha koo.

"Bon," akasema. "Sasa nani amekufa?"

Watu wakaanza kutazamana, wanajihesabu. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Wakati huohuo wakaingia Suzan na Vestine wanahema, kwa kuwa habari ya msiba ilikuwa imepanda mpaka saluni. Nusu ya kichwa cha Suzan ilikuwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona simba, na Vestine nyuma yake na kitana. Égide alimwona. Akainuka kutoka barabarani, akaja mpaka ukutani, akasimama pale bila neno. Lakini alitabasamu hivi kwamba mimi nilisamehe upole wake wote.

Suzan aliniuliza nimeandikiwa nini. Nikampa simu. Akasoma, akaziba mdomo, akaingia ndani akatoka na kompyuta yake, akaketi kwenye mkono wa sofa pale uani mbele ya watu wote, akawa anabonyeza.

"Ona, Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nakiuliza jina, kinasema tuma. Nakiuliza kazi yake, kinasema kupeleka matangazo. Ijumaa nilifungua nikipunguze, nikaangalia, nikaona tuma ile ya siku zote. Nikasema kumbe nimeshakiondoa. Nikafunga."

"Ulimsahau."

"Nilimtengeneza vizuri mno. Hata mimi sikumwona."

Nikamwambia amtoe sasa hivi. Akasema akimtoa, tangazo alilolishikilia litapotea na hatutajua lilikuwa nini. Lazima nijibu kwanza.

Mniamini, hata hapo niliogopa. Mume wangu yuko, binti yangu yuko, lakini nina dada Morogoro, nina wajomba. Nikasema sikai. Watu wote wa Umoja, na wageni nje ya geti, wananisubiri mimi nikae. Sipho akanishika mkono.

"Njoo," akasema. "Tukae wote. Likiwa baya, litukute tumekaa wawili."

Tukakaa kwenye sofa. Nikaandika Nimekaa, nikapeleka.

Simu zote za uani zikalia kwa wakati mmoja. Mifukoni, kwenye matiti ya kina mama, ndani ya khanga, mfukoni mwa suti ya Elisée. Wote wakasoma pamoja, midomo inacheza, kwamba familia ya Égide wanakuja leo saa saba kuposa. Kisha vichwa vikageuka taratibu kuelekea getini, na familia ya Égide wamesimama pale na macho mekundu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Leodgar. Alicheka akakaa chini. Kicheko kikawashika kina mama, kikaenda mpaka kwa Vestine. Lakini mzee Libère hakucheka. Alikuwa ameokota kofia yake, anaipangusa vumbi, na nilivyoona anavyoipangusa moyo ukarudi palepale ulipokuwa asubuhi.

Akasema kwa heshima kwamba wao hawaposi kwenye kilio. Watu wamelia, mikeka imetandikwa, masufuria ya msiba yako motoni. Neno la ndoa haliwekwi juu ya hayo. Watarudi nyumbani, na yeye kesho anakwenda Durban, na siku nyingine Mungu akipenda wataona.

Siku nyingine. Nilimtazama Suzan. Alikuwa ameifunga kompyuta, ameikumbatia kifuani, na ile nusu ya nywele iliyosimama ilianza kulala. Nikasimama nikamwambia mzee kosa ni la mashine, si la watu. Akaendelea kupangusa kofia. Elisée akatoa karatasi ya hotuba mfukoni, mzee akampungia mkono airudishe. 

Sipho si msemaji. Miaka yote ya ndoa yetu mimi ndiye ninayesema. Lakini aliinuka akamfuata mzee Libère mpaka getini, karibu na pale walipokuwa wamelia.

"Baba," akamwambia, "mke wangu ulikuwa hujamwona hata siku moja. Ulikuwa unalia nini?"

Mzee akafikiri. Naamini alitaka kusema ukweli tu, wala hakuona unakompeleka.

"Nilikulilia wewe," akasema. "Nilimwona mtu amefiwa, ameshika chuma, hana wa kumshika. Nikasema huyu ni wetu, siwezi kumwacha."

  Alikuwa amejisikia mwenyewe. Alimtazama Égide, akatazama kreti la soda barabarani, akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Nimeshasema," akasema polepole. "Nimeshasema ni wetu, na watu wamesikia. Sasa nirudi Durban nikawaambie nini? Kwamba nimelia kwa watu nisiowajua?"

Akaivaa kofia, safari hii akaiacha kichwani.

"Rudisheni hilo sofa ndani," akasema. "Siposi uani kama mtu anayenunua mbuzi."

Wanaume walilibeba sofa kwa haraka hata mimi nilikuwa bado nimeliegemea. Mikeka ikakunjwa. Kina mama walizitoa khanga vichwani wakazifunga kiunoni, na mmoja akapiga kigelegele cha majaribio, kuona kama kinaruhusiwa. Chakula kilichopikwa cha msiba kikaliwa cha posa, viazi vilikuwa vingi kupita kiasi. Elisée alipoambiwa aseme, aliitazama hotuba yake ndefu, akaikunja, akasema, "Tumekuya kuomba Suzan." Mzee Libère akatikisa kichwa kwamba imetosha. Vestine alimalizia kumsuka Suzan palepale, wazee wakiendelea kuongea, na Suzan akajibu ndiyo huku kichwa chake kimevutwa upande.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, alimtoa mshenga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihakikisha, ingawa hakuna nilichokiona.

Basi, mama wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiweke mshenga mbele ya kila ujumbe. Aliyetengenezwa kwa msiba akae kwenye msiba.

Usikubali mshenga anayejibu kwa jina la mwenzake tu. Mwambie mtoto wako aandike mahali panapoonekana kwamba hapa amewekwa mtu.

Usiweke kitu cha jioni moja bila kutaja nani atakiondoa na atajuaje kwamba kimeondoka.

Usifunge habari kwa jibu la mtu mwenye hofu. Hatajibu.

Usiwaambie watu wema wasiseme kitu. Hawatasema.

Usitoke bila simu ukiwa na mke nyumbani.

Usiifungie simu ya mtu kwenye droo kwa nia njema.

Usitoe sofa nje kabla hujajua aliyekufa.

Usilie mbele ya mtoto wako ili afanye kazi ambayo amekwisha kukataa kwa sababu nzuri.